BioWare: Imechakaa au Ingali Hai?

Liko swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, na ambalo mwanzoni nalilipuuza kwa kudhani kuwa si swali la darasa la fasihi. Swali lenyewe ni hili: je, studio ya BioWare, iliyotengeneza michezo ya video waliyokua nayo, imechakaa au ingali hai? Sababu ya kulipuuza ilikuwa ile ya kawaida kwa walimu, yaani kutokujua. Baadaye nalikaa kitako nikaicheza michezo hiyo mmoja baada ya mmoja, nikatumia likizo mbili na usiku mwingi ambao mke wangu hajanisamehe bado, na nilipomaliza nikaona kuwa swali lile ni la fasihi hasa, tena limekaa mahali ambapo mhakiki wa vitabu ana neno la kusema. Kwa hiyo namwomba msomaji asistaajabu kuona kurasa hizi zikizungumza habari za studio iliyoko Edmonton, nchini Kanada.

Kwa wasioijua, BioWare ilianzishwa mwaka 1995 na vijana watatu waliosomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Alberta: Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Mchezo wao wa kwanza, Shattered Steel, ulitoka mwaka 1996, na hauna la kutuchelewesha. Sifa yao ilianza na Baldur's Gate mwaka 1998, ikathibitika kwa mchezo wa pili wa jina hilo mwaka 2000, ikaenea kwa Knights of the Old Republic mwaka 2003, na ikafika kileleni kwa mifululizo miwili, Mass Effect ulioanza mwaka 2007 na Dragon Age ulioanza mwaka 2009. Katika michezo hii yote mchezaji huvaa nafsi ya mtu mmoja, hukusanya maswahiba wa kufuatana naye safarini, na huzungumza nao. Kuzungumza huko ndiko kunakotuhusu. Mhusika akisema neno, mchezaji hupewa majibu kadhaa, huchagua moja, na hadithi hugeuka kwa kadiri ya jibu lake.

Kwetu sisi tuliolelewa na ngano hili si geni kabisa. Msimulizi asemapo paukwa, hadhira hujibu pakawa, na bila jibu lile hadithi haiondoki mahali pake. Walakini jibu la hadhira yetu hufungua mlango tu. Haliwezi kumwokoa Sungura wala kumpotosha Fisi. Msimulizi hodari hutazama nyuso za watu akarefusha hapa na kufupisha pale, lakini hatamu hubaki mkononi mwake. Watungaji wa BioWare walijaribu kuigawa hatamu ile, wakampa msikilizaji kipande chake. Hilo ni jambo kubwa katika sanaa ya kusimulia, na mtu alifanyaye vizuri anastahili kuhukumiwa kama mtungaji, si kama mchuuzi tu.

Nasema hivyo kwa kuwa mabishano juu ya studio hii huendeshwa kana kwamba ni duka. Wanaosema imekufa hutaja hesabu. Mwezi Januari 2025 kampuni ya Electronic Arts, ambayo ndiyo mwenye mali, ilitangaza kwamba Dragon Age: The Veilguard, uliotoka tarehe 31 Oktoba 2024, ulikuwa umepata wachezaji kadiri ya milioni 1.5 katika robo ile ya mwaka, pungufu kwa karibu asilimia 50 ya walivyotazamia. Mwisho wa mwezi ule ule studio ilipangwa upya, wafanyakazi wengi wakahamishwa au wakaachishwa kazi, na magazeti ya biashara yakaarifu kuwa waliosalia hawakufika 100. Wanaosema ingali hai nao hujibu kwa hesabu: kwamba Mass Effect Legendary Edition, yaani michezo mitatu ya kwanza ya mfululizo ule iliyosafishwa na kutolewa tena Mei 2021, ilipokewa kwa furaha, na kwamba mchezo mpya wa Mass Effect, uliotangazwa tangu mwaka 2020, ungali unatengenezwa. Hesabu hizi zote ni za kweli, lakini zinajibu swali la mwenye duka. Kitabu chaweza kukosa wanunuzi na kikawa kizuri, na chaweza kununuliwa na nchi nzima kikawa makapi. Twajua haya kwa vitabu. Sioni kwa nini tusiyajue kwa michezo.

Kipimo changu mimi ni uzito wa uchaguzi. Nieleze kwa mfano. Katika Mass Effect ya kwanza liko sayari liitwalo Virmire, na huko Kamanda Shepard, ambaye ni nafsi ya mchezaji, hukabili mambo mawili kwa siku moja. La kwanza ni swahiba wake Wrex, mtu wa taifa la Krogan ambalo maadui wake walilitia ugonjwa wa kuua vizazi tumboni. Katika ngome ya adui imepatikana dawa ya ugonjwa ule, na Shepard amekuja kuilipua ngome pamoja na dawa iliyomo. Wrex anasimama ufuoni na bunduki mkononi. Hana kosa, ana haki ya kuwaombea watu wake. Mchezaji aliyemsikiliza Wrex safarini na kumtendea wema anayo njia ya kumtuliza. Asiyemjali aweza kulazimika kumwona akianguka pale mchangani. La pili ni la askari wawili, Ashley na Kaidan, walio mahali pawili mbalimbali huku bomu likikaribia kulipuka, na nafasi ni ya kumwendea mmoja tu. Hapana jibu sahihi, wala hapana hila ya kuwapata wote wawili. Naliweka kidhibiti chini nikatembea chumbani. Na atakayeachwa hufa, akabaki amekufa katika mchezo wa pili na wa tatu, kwa kuwa kumbukumbu ya mchezo wa kwanza huchukuliwa kwenda katika ile inayofuata. Sikumbuki riwaya iliyonitia hatiani namna ile. Riwaya hunionyesha hatia ya mwingine. Hapa hatia ilikuwa yangu, nami naliichukua kwa miaka mitano ya hadithi.

Nitaje na Knights of the Old Republic, maana ustadi wake ni wa namna nyingine. Michezo mingi humpa mchezaji mhusika asiye na historia, mtu mtupu, ili ajijaze mwenyewe. Ni kawaida ya fani hiyo, na aliyezoea haiulizi. Watungaji wa mchezo huu, wakiongozwa na Drew Karpyshyn, waliichukua kawaida ile wakaifanya kuwa siri ya hadithi: mhusika wako ni mtupu kwa sababu kumbukumbu zake zilifutwa, naye kwa hakika ni Revan, yule jemadari mbaya ambaye watu wamekuwa wakikusimulia maovu yake tangu mwanzo. Utupu uliodhani ni adabu ya fani, kumbe ni jeraha. Hii ndiyo maana ya fani kuzaa maudhui, jambo tunalolifundisha kila muhula kwa maneno mengi na mifano michache.

Sasa, kama kipimo ndicho hicho, kushuka kulianza lini? Wengi husema mwaka 2017, au 2019, au 2024. Mimi nasema dalili ya kwanza ilionekana ndani ya kazi iliyo miongoni mwa bora zao, nayo ni Mass Effect 3 ya Machi 2012. Mchezo huo una mahali ambapo sanaa yao yote inakutana. Mordin Solus, mwanasayansi aliyeshiriki kuuimarisha ugonjwa ule wa Krogan, anapanda mnara ili aeneze dawa yake, akijua hatashuka; na kama Shepard amekwisha kula njama ya kuiharibu dawa, mchezaji aweza kujikuta anamwelekezea Mordin bastola mgongoni. Hayo yote yanatokana na mambo yaliyopandwa miaka mitano kabla. Kisha hadithi inakwenda hadi mwisho wake, na pale mwisho, baada ya mamia ya chaguzi ndogo na kubwa, anatokea mtoto wa nuru asiyejulikana asili yake, anaeleza falsafa fupi, na kumwonyesha Shepard milango mitatu. Ichague mmoja, hadithi imekwisha. Vilio vya wachezaji vilikuwa vikubwa hata studio ikatoa, mwezi Juni 2012, nyongeza ya bure ya kuufafanua mwisho ule.

Yako maoni mawili juu ya nyongeza ile, na yote mawili nayaona yana upungufu. Wako waliosema kuwa mtungaji hapaswi kumtii msomaji. Lakini hawa walisahau kwamba mtungaji mwenyewe ndiye aliyegawa hatamu. Alimwambia msomaji kwa miaka mitano kuwa hadithi ni yao wote wawili, kisha akaichukua peke yake katika dakika kumi za mwisho. Wako nao waliosema kuwa nyongeza imeponya kosa. Haikuponya. Ilieleza zaidi kilichotokea baada ya kila mlango, ilhali ubaya haukuwa uchache wa maelezo, bali ni kwamba milango ile haikuuliza umetoka wapi. Wrex akiwa hai au amekufa, milango ilikuwa ile ile. Lau ningelazimishwa kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mkono ulianza kutetemeka, ningeonyesha pale, ingawa mauzo ya mwaka ule hayakuwa na lawama.

Hapa nataka nigeuke kando kidogo nikaitetee kazi iliyotukanwa. Dragon Age II ilitoka Machi 2011, miezi 16 tu baada ya ile ya kwanza, na haraka yake inaonekana: pango lile lile limetumika mara nyingi mno, mara hii likiitwa la wachimba madini, mara nyingine likiitwa la wauza magendo, na milango iliyozibwa kwa mawe haimdanganyi mtu. Wanafunzi hucheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini muundo wake wa kusimulia ni wa kijasiri kuliko wote uliopata kutoka katika nyumba ile. Hadithi nzima inasimuliwa na Varric, mbilikimo mwandishi na mwongo mashuhuri, ambaye anahojiwa na mwanamke askari, Cassandra. Na yapo mahali ambapo mchezaji anapigana kwa nguvu za kupita kiasi, kisha Cassandra anakatiza na kusema huo ni uwongo, na tukio linarudiwa kwa unyenyekevu. Mhusika wako, Hawke, hawezi kumwokoa mama yake. Hawezi kumzuia rafiki yake Anders asililipue hekalu la mji. Wengi walikasirika wakisema uchaguzi wao haukuwa na nguvu. Naam, haukuwa nao, na hiyo ndiyo habari yenyewe: ni hadithi ya mtu aliyesimama karibu na mambo makubwa, na ambaye watu baadaye walimdhania kuwa ndiye aliyeyafanya. Tofauti ya Dragon Age II na ule mwisho wa mwaka 2012 ni kwamba ya kwanza inajua inachomnyima mchezaji, na inazungumza juu ya kunyimwa huko.

Turudi njiani. Muzyka na Zeschuk waliondoka Septemba 2012. Dragon Age: Inquisition ya Novemba 2014 ilipata tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards, na mhusika wake Solas, mwanachuoni mpole anayedhihirika kuwa ndiye mungu mdanganyifu wa hadithi za kale, namhesabu miongoni mwa wahusika bora wa studio ile. Walakini mchezo ule umetandazwa juu ya nyanda kubwa ambazo mchezaji hutembea kuchuma majani na kukusanya vipande vya hiki na kile, mpaka anasahau nani alimtuma. Tuzo iliificha dalili ya pili: mazungumzo, yaliyokuwa mti wa katikati wa nyumba, sasa yalikuwa pambo la ukumbi mkubwa.

Juu ya Mass Effect: Andromeda ya Machi 2017 nitasema machache, kwa sababu ilichekwa kwa nyuso za wahusika wake zisizokwenda sawa na maneno yao, na mzaha huo uliwafanya watu wasiisome. Kosa lake kubwa ni kwamba ilikwenda kundi jingine la nyota, mahali papya kabisa, ikaikuta hapo migogoro ile ile ya zamani bila watu wale wa zamani. Agosti mwaka ule ule studio ilitangaza kuwa haitaongeza hadithi kwa mchezaji mmoja mmoja, na maswali yaliyoachwa wazi yakabaki wazi.

Anthem ya Februari 2019 ni jambo jingine, na yafaa tukae nayo. Huu haukuwa mchezo wa mtu mmoja kuzungumza na maswahiba. Ulikuwa wa wachezaji wengi kurukaruka pamoja kwa mavazi ya chuma na kupiga maadui bila kikomo, ili watu warudi kila juma na kulipa tena. Mwezi Aprili 2019 mwandishi wa habari Jason Schreier alichapisha katika Kotaku uchunguzi mrefu juu ya namna ulivyotengenezwa. Aliarifu kwamba wakubwa walichukua miaka bila kuamua mchezo uwe wa namna gani, kwamba hata jina lake lilibadilishwa siku chache tu kabla ya kuonyeshwa hadharani mwaka 2017, na kwamba watu waliugua kwa uchovu. Akaeleza pia imani moja iliyokuwa imekaa ndani ya studio, ambayo wenyewe waliita uchawi wa BioWare: ya kwamba hata kazi ikiwa vurugu namna gani, katika miezi ya mwisho kila kitu kitajipanga na mchezo utakuwa mzuri. Nalipoisoma habari ile nalifikiri juu ya watungaji wetu wanaosubiri msukumo wa moyo. Uchawi ule haukuwa uchawi. Ulikuwa ni watu wenye uzoefu waliokesha, na watu hao wakichoka au wakiondoka, uchawi huondoka nao katika mfuko wa koti.

Liko pia jambo la zana, ambalo wanafasihi hatulizingatii vya kutosha. Inquisition, Andromeda na Anthem zote zilijengwa juu ya injini ya programu iitwayo Frostbite, iliyobuniwa na studio nyingine ya kampuni ile ile kwa ajili ya michezo ya vita na bunduki. Vitu ambavyo mchezo wa hadithi huvihitaji, kama vile kuwaongoza maswahiba, kuweka mizigo yao na kupanga mazungumzo, iliwabidi watengenezaji wavijenge wenyewe. Ni kama kumpa mwandishi wa riwaya karatasi za hesabu za benki na kumwambia aandike ndani ya mistari ile. Ataandika, lakini nguvu yake nyingi itakwisha katika kuchora mistari mipya.

Sasa The Veilguard. Miaka kumi ilipita kati yake na Inquisition, na katika miaka hiyo mchezo huu, kwa taarifa zilizochapishwa, ulianzishwa kama hadithi ya mchezaji mmoja, ukavunjwa, ukaanzishwa tena kama mchezo wa wengi, ukavunjwa, ukarudishwa kuwa wa mmoja. Wanaousema vibaya aghalabu huchochewa na hasira zisizo za fasihi, nami sitaki kuhesabiwa miongoni mwao. Mapigano yake ni mazuri. Mandhari yake yapendeza. Tena una mahali pa uzito wa kweli: majoka mawili hushambulia miji miwili, Minrathous na Treviso, na mchezaji huenda kuusaidia mmoja tu, na ule mwingine huonekana umeharibika mpaka mwisho. Yuko na Emmrich, mganga wa maiti aogopaye kufa, ambaye hufikia kuchagua kati ya kuwa mtu asiyekufa, kama alivyotamani maisha yake yote, na kumrudisha Manfred, mifupa mtumishi wake ambaye amekuwa kama mwanawe. Sehemu ile ingeweza kuwekwa katika Baldur's Gate II bila aibu.

Lakini sikiliza maswahiba wanavyozungumza wao kwa wao. Katika michezo ya zamani walichukiana. Katika ile Dragon Age ya kwanza, ukimsamehe msaliti Loghain, Alistair anakuacha, anaondoka na mapenzi yote mliyokuwa nayo, na hoja yake ni nzito sawa na yako. Katika The Veilguard wakikosana husuluhishwa kwa maneno ya upole kama yasemwayo katika ofisi ya mshauri nasaha, kila mmoja akitambua hisia za mwenzake kwa sentensi kamili. Mchezaji naye hupewa majibu ambayo yote ni mema. Tofauti ni moja ya mzaha, moja ya huruma, moja ya ukali kidogo. Na katika mamia ya mambo aliyoyaamua katika michezo mitatu iliyotangulia, huulizwa matatu tu, yote ya Inquisition. Nani ametawala Ferelden? Haiulizwi. Hawke alikuwa nani? Haiulizwi. Kwa kipimo changu hili ni kubwa kuliko hesabu zote za Januari 2025, kwa maana mkataba wa BioWare na msomaji wake ulikuwa ni kukumbuka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanafunzi wangu wengi, wanaosema BioWare ilishuka kwa sababu Electronic Arts iliinunua. Mapatano ya kununuliwa yalitangazwa Oktoba 2007, na Mass Effect 2 pamoja na Dragon Age ya kwanza zilitoka baada yake, tena kwa fedha za mnunuzi huyo. Kweli, kampuni ile ina makaburi mengi. Pandemic, iliyonunuliwa pamoja na BioWare, ilifungwa mwaka 2009, na Visceral mwaka 2017. Lakini wazo la kumlaumu mwenye fedha peke yake latuzuia kuona kuwa uamuzi wa kukaa miaka bila uamuzi ulifanywa Edmonton. Mwenye fedha alaumiwe kwa lililo lake, nalo ni kuwatawanya waandishi. Mwezi Februari 2025 mkuu wa kampuni, Andrew Wilson, aliwaeleza wenye hisa kwamba wachezaji wanazidi kutaka michezo wanayoshirikiana pamoja na hadithi nzuri. Nayo Baldur's Gate 3, hadithi ya maneno mengi mno ya maswahiba wanaochukiana na kupendana, ilikuwa imekwisha toka Agosti 2023, ikapata tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Haikutengenezwa Edmonton. Imetengenezwa na Larian, studio ya Ubelgiji inayojimiliki yenyewe. Waweza kuicheza peke yako kutoka mwanzo hata mwisho, na usikose kitu. Kwa hiyo hoja kwamba watu hawataki tena hadithi za namna ile haisimami hata kwa mguu mmoja.

Basi tunaposema BioWare, twasema nini? Naona tunachanganya vitu vitatu katika jina moja: hati ya kampuni, kundi la watungaji, na namna ya kusimulia. Hati ingali hai. Inasubiri Mass Effect mpya, na mwenye hati mwenyewe alitangazwa Septemba 2025 kuwa anauzwa kwa dola bilioni 55 kwa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia na washirika wake. Namna ya kusimulia inastawi, lakini Ghent, na si Edmonton. Kundi la watungaji ndilo lililokwisha. David Gaider, aliyeubuni ulimwengu wa Dragon Age, aliondoka mwaka 2016. Mary Kirby, aliyemtunga Varric, yule mwongo wangu wa Kirkwall, aliachishwa kazi Agosti 2023 pamoja na wenzake kadiri ya 50. Mwaka uliofuata The Veilguard ikatoka, na ndani yake Varric anakufa. Sisemi kuwa jambo moja limeleta jingine. Nasema tu kuwa katika fasihi ya vitabu mtungaji akifukuzwa na mchapishaji huondoka na wahusika wake, au angalau na haki ya kulalamika. Hapa mhusika hubaki na mwenye mali, anaishi na kufa kwa amri yake, na jina la mama yake linatafutwa katika orodha ndefu inayopita haraka mwishoni. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba BioWare kama nyumba ya watungaji imekwisha, na nitafurahi sana nikibishwa na mchezo ujao.

Limebaki jambo moja ambalo lanisumbua zaidi ya hukumu hiyo. Mwezi Julai 2025 Electronic Arts ilitangaza kuwa seva za Anthem zingezimwa tarehe 12 Januari 2026. Mchezo ule hauchezeki bila seva. Zikizimwa, hapana nakala ya kuweka rafuni. Nalisema ni kazi dhaifu, na sitangui. Lakini kazi dhaifu nazo ni ushahidi, na mhakiki ajaye miaka 30 baadaye akitaka kujua kama nalisema kweli juu yake hatakuwa na mahali pa kutazama. Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia tangazo lile alianza kuucheza tena kila usiku, kwa intaneti ya kukatikakatika, akinakili mazungumzo ya wahusika kwa kalamu katika madaftari ya kurasa 96, pamoja na majibu yote mawili mawili aliyopewa kuchagua. Alipoacha madaftari yalikuwa manne. Ameomba yawekwe katika maktaba yetu, na mkutubi ameniuliza ayaandikishe chini ya jina la mtungaji gani.